Wati Ngapi Zinatosha Sebuleni?

Katika maduka ya vyombo vya muziki ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli Avenue, Nairobi, maboksi ya sabufa hupangwa kutoka sakafuni hadi darini, na kila boksi lina namba yake iliyochapwa kwa rangi ya kung'aa: wati 3,000, wati 8,000, wati 12,000. Mteja huangalia namba, huangalia bei, kisha huomba awekewe ngoma moja yenye besi nzito. Duka likitikisika, pesa hutoka.

Sabufa hiyohiyo ikigeuzwa mgongo, hadithi hubadilika. Karibu na pale waya wa umeme unapoingilia huwa kuna kibandiko kidogo chenye maandishi ya kukodolea macho: AC 220–240V, 50Hz, 60W. Hizo 60 ndizo wati ambazo chombo kimeundwa kuvuta kutoka ukutani. Amplifaya haizalishi umeme. Hupokea umeme wa TANESCO au wa Kenya Power na kuupeleka kwenye spika kwa kipimo, ukipanda na kushuka kama muziki unavyotaka, na njiani sehemu yake huishia kuwa joto. Ukiacha mshtuko wa kufumba na kufumbua unaotolewa na kapasita, kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia.

Tuseme boksi linasema kweli. Plagi ya pini tatu inayotumika Tanzania na Kenya ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa volti 230 ni chini kidogo ya wati 3,000. Sabufa ya wati 12,000 ingehitaji plagi nne, zote zikiwa zimekamuliwa hadi mwisho wa uwezo wake, na saa moja ya muziki ingemeza yuniti 12 za umeme. Mwenye nyumba angefika na notisi kabla ya wimbo wa pili.

Namba ya boksi huwa na herufi nne pembeni yake, PMPO, zinazodai kuwakilisha kilele cha nguvu ya muziki. Hakuna kiwango cha kimataifa kinachoeleza kilele hicho kipimwe vipi, kwa muda gani, na sauti ikiwa imeharibika kiasi gani. Kila kiwanda hujipangia. Sabufa mbili zenye sakiti ileile ndani zinaweza kutoka kiwandani na namba mbili zisizokaribiana hata kidogo.

Fundi redio anayajua haya kwa sababu kazi yake ni kufungua. Ndani ya sabufa nyingi za bei ya chini zilizoenea miaka iliyopita hukuta transfoma, kapasita mbili nene, bati la aluminiamu la kutolea joto, na juu ya bati hilo aisii ndogo zenye miguu mitano zilizoandikwa TDA2030. Karatasi ya kiwanda ya aisii hiyo haifichi kitu: moja hutoa wati 14 kwenye spika yenye ukinzani wa omu 4, ikilishwa volti 14 chanya na 14 hasi. Sabufa yenye aisii tatu za namna hiyo, mbili za spika ndogo na moja ya besi, ina wati 42 kwa jumla, tena hapo transfoma iwe na nguvu ya kuzilisha zote, na mara nyingi haina. Zimebanwa ndani ya boksi linalotangaza maelfu.

Lakini wati hizo 42 hutikisa vikombe kabatini. Hilo ni jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko hata uongo wa boksi, maana linaonyesha kwamba nyumba ya kawaida inahitaji nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Mchezo wa kupandisha namba ni wa zamani. Marekani, miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watengenezaji wa stirio walishindana kwa wati za kilele, wati za muziki, wati za pande zote mbili zilizojumlishwa pamoja, ilimradi tangazo lipendeze. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo, FTC, ikachoka. Ikatoa kanuni kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani ataje nguvu inayoweza kutolewa mfululizo, kwenye spika ya omu ngapi, katika masafa gani, na sauti ikiwa imepotoka kwa asilimia ngapi. Zaidi ya hapo, kabla ya kupimwa, amplifaya ilitakiwa ipikwe kwanza: iendeshwe saa nzima ikitoa theluthi moja ya nguvu inayodaiwa. Theluthi hiyo ilikuwa ya kikatili, kwa sababu amplifaya nyingi za transista hupata joto kali zaidi zikiwa katikati kuliko zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Waliozoea kuandika namba za mdomoni ilibidi ama waongeze mabati ya kupooza au wapunguze namba. Mwaka 2000 sharti la theluthi lililegezwa likawa moja ya nane, na mwaka 2024 kanuni ikafumwa upya ili vipimo vya wote vifanane: omu 8, masafa ya hezi 20 hadi 20,000, na upotofu wa sauti usiofika asilimia 1.

Ujerumani Magharibi ilikuwa imelikamata suala hilo kutoka upande mwingine. Kiwango chake cha DIN 45500, cha miaka ya 1960, kiliweka nguvu ya chini kabisa ambayo amplifaya ya stirio ingepaswa kuwa nayo ili istahili kuitwa hi-fi. Nguvu hiyo ilikuwa wati 6 kila upande.

Kisha mwaka 1978 ikatoka NAD 3020, chombo kisicho na mapambo kilichoandikwa wati 20 tu kila upande, wakati madirisha ya maduka ya Ulaya yalikuwa yamejaa vyombo vinavyong'aa vya wati 60 na 100. Mhandisi wake, Erik Edvardsen, alikuwa ameiwekea akiba: kwa muda mfupi, pale ngoma inapopigwa, iliweza kutoa takriban maradufu ya namba yake, na haikutishika na spika ngumu. Ikawa miongoni mwa amplifaya zilizouzwa sana katika historia ya muziki wa nyumbani. Hadi leo wapo wanaozikarabati na kuzitumia.

Wati hazisikiki. Kinachosikika ni desibeli, na kati ya hivyo viwili kuna hesabu inayowachanganya wanunuzi wengi. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3, kiasi ambacho sikio hukitambua lakini halikishangilii. Ili mtu wa kawaida aseme sauti sasa imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi, na desibeli 10 ni wati mara kumi. Anayetoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya wati 100 amenunua desibeli 3. Anayetaka muziki mkubwa maradufu wa ule wa wati 50 anatafuta wati 500, na akitaka maradufu tena, 5,000. Ngazi hiyo hupanda kwa kasi kuliko mfuko wa mtu yeyote.

Kwa bahati nzuri ngazi huanzia chini. Spika hupimwa kwa kulishwa wati moja na kusikilizwa kutoka mita moja. Desibeli zinazopatikana huitwa unyeti wake, na kwa spika nyingi za nyumbani ni kati ya 84 na 90. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa karibu ni kama desibeli 60. Yaani wati moja, moja tu, kwenye spika ya kawaida hutoa sauti ambayo ukisogea karibu yake lazima upaze sauti ndipo mwenzako akusikie. Waliokulia na redio za betri za National wanakumbuka zilivyosikika ua mzima wakati wa taarifa ya habari; redio za aina hiyo zilikuwa na kama wati moja hivi, na spika moja ya karatasi ndani ya kasha lenye nafasi.

Unyeti ndiyo namba ambayo muuzaji hukosa kuitaja, nayo ina uzito kuliko wati zote za boksi. Mfano mzuri uko kati ya spika mbili mashuhuri. Mwaka 1946, katika mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas, Paul Klipsch alianza kuuza Klipschorn, spika kubwa kama kabati iliyosukumwa kwenye kona ya chumba, ambamo kuta zenyewe hutumika kama sehemu ya tarumbeta ya besi. Kiwanda chake huipa unyeti wa desibeli 105. Miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walibuni LS3/5A, spika ndogo ya kubeba mkononi, kwa ajili ya magari finyu ya kurushia matangazo nje ya studio. Hiyo unyeti wake ni kama desibeli 83. Tofauti ni desibeli 22. Ukipiga hesabu, LS3/5A inahitaji wati zaidi ya 150 ili ifikie kelele ambayo Klipschorn inaitoa kwa wati moja, na kwa kuwa haikuundwa kubeba umeme wa kiasi hicho, ingeungua njiani. Zote mbili zinapendwa, zote zina wafuasi wa kufa na kupona, lakini hazifai kuchaguliwa amplifaya kwa kanuni moja.

Tarumbeta za namna hiyo ndizo zilizowezesha majumba ya sinema kusikika kabla transista hazijabuniwa. Amplifaya ya Western Electric 91A ya miaka ya 1930, iliyotumia vali moja kutolea sauti, ilikuwa na wati 8 hivi, na kazi yake ilikuwa jumba la sinema lenye watazamaji.

Kwa nini basi spika nyeti hazikutawala? Kwa sababu ya nafasi. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, wakauza spika iliyozibwa pande zote, ambamo hewa ya ndani ya boksi inafanya kazi ya springi. Iliitwa AR-1. Besi iliyokuwa ikitoka kwenye kabati zito sasa ilitoka kwenye sanduku la kuwekwa rafuni. Gharama yake ilikuwa kwamba sanduku hilo lilitaka umeme mwingi zaidi kwa kelele ileile. Josef Anton Hofmann, aliyeshirikiana na Kloss baadaye, ndiye anayetajwa kwa kuliweka jambo hilo katika kanuni ambayo wahandisi wameikuta ngumu kama chuma: boksi dogo, besi ya kina, unyeti mkubwa, chagua viwili, cha tatu utakikosa. Sabufa ndogo ya kisasa yenye besi ya kushangaza imechagua viwili vya kwanza, na bili ya cha tatu hulipwa kwa wati.

Hata spika nzuri ni mvivu wa ajabu. Ile ya desibeli 87 hugeuza kama asilimia 0.3 ya umeme kuwa sauti. Yote iliyobaki hupasha moto koili iliyo nyuma ya karatasi. Ndiyo maana wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika zenyewe, tuseme 100W, zina maana tofauti kabisa na zile za amplifaya: ni kiasi cha umeme ambacho koili inaweza kuvumilia bila kuungua. Spika ya 100W haidai amplifaya ya wati 100. Itaimba vizuri tu na amplifaya ya wati 15 ilimradi isilazimishwe.

Twende sasa kwenye chumba chenyewe. Chukua sebule ya mita nne kwa tano, kochi liko mita tatu kutoka kwenye spika, spika ni mbili zenye unyeti wa desibeli 87. Nje kwenye uwazi, kusogea kutoka mita moja hadi tatu kungekula desibeli 9 na nusu, lakini ndani ya nyumba kuta, dari na sakafu hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo hasara ni kama 6. Spika ya pili huongeza 3. Wati moja kila upande basi humfikia msikilizaji kama desibeli 84. Kwa muziki wa kufurahia hasa, ule ambao mtu akitaka kuongea inabidi ainue sauti, wastani wa desibeli 80 unatosha. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kuwa salama kwa masikio ya mtu mzima hadi saa 40 kwa juma. Kwenye desibeli 90 saa hizo hushuka hadi nne. Wastani huo wa 80, katika sebule hii, unapatikana kwa wati 0.4 kila upande. Hazifiki hata nusu wati.

Wauzaji wangeifuta sentensi hiyo kama wangeweza, lakini haijamaliza hesabu. Muziki hautembei kwenye wastani. Pigo la dramu, kofi la ngoma, mwimbaji anapoachia pumzi yote, hivyo hupanda juu ya wastani kwa desibeli 10 katika muziki wa siku hizi uliobanwa studio, na 15 au hata 20 katika rekodi zilizoachwa zipumue. Tukichukua 15, kilele katika sebule yetu ni desibeli 95, na ili kukifikia bila kukwaruza kila upande unahitaji wati 13 kwa ile sehemu ndogo ya sekunde ambayo pigo linadumu. Wati 13! Amplifaya ya kweli ya wati 25 au 30 kila upande inaliweza hilo na kubakiwa na akiba.

Badilisha kitu kimoja na jibu linaruka. Weka spika za desibeli 82 na wati 13 zinakuwa 40. Weka za desibeli 95 na zinashuka hadi 2. Mtu akisema sebule ni ileile, spika ni zilezile za 87, ila siku ya sikukuu anataka desibeli 10 zaidi, basi ni wati 126 kila upande, na majirani wa flati ya juu washirikishwe mapema.

Mpango mzima huvurugika muziki unapotolewa nje. Sherehe uani, wageni wako mita kumi, hakuna ukuta wa kurudisha chochote: desibeli 20 zimeliwa na umbali. Spika mbili za sebuleni za 87 zikilishwa wati moja moja huwafikia wageni na desibeli 70, ambazo kelele za watu wenyewe zinazimeza. Kupata wastani wa 90 pale kunadai wati 100 kila upande mfululizo, na vilele vya desibeli 10 juu yake vinadai 1,000. Koili za nyumbani hazivumilii. Hii ndiyo sababu mwenye kukodisha muziki wa kigodoro au harusi hubeba maboksi makubwa yenye unyeti wa 97 hadi 100. Kwa spika za 100, shughuli hiyohiyo hukamilika kwa wati 5 za wastani na 50 za kilele. Anayepeleka sabufa ya sebuleni uani na kufungua mpaka mwisho kwa kawaida huirudisha ndani ikiwa haina kazi tena.

Besi inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayokula. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell, walichora jinsi sikio la binadamu linavyopokea masafa mbalimbali, na ikaonekana wazi kwamba sauti nzito lazima iwe na desibeli nyingi zaidi ndipo isikike sawa na sauti ya kati. Spika nayo ina shida yake: kwa kelele ileile, kila masafa yakishuka nusu, karatasi yake inatakiwa icheze mbele na nyuma mara nne zaidi. Halafu kuna kitufe cha besi. Kukizungusha mpaka mwisho kwenye amplifaya nyingi huongeza kama desibeli 10 katika sauti nzito, na desibeli 10, kama ilivyokwishasemwa, ni wati mara kumi. Mpenzi wa amapiano anayeacha kitufe hicho kimekazwa kulia ndiye hasa anayehitaji nguvu kubwa, na ndiye anayefanya vizuri kununua sabufa yenye amplifaya yake yenyewe ili spika nyingine zipumzike. Msikilizaji wa zilipendwa zilizorekodiwa Radio Tanzania hana haja hiyo.

Nini hutokea nguvu ikipungua? Amplifaya ikiombwa volti ambazo haina, ncha za mawimbi ya sauti hukatwa zikawa bapa, na sikio husikia mkwaruzo. Wengi huamini kwamba amplifaya kubwa ndiyo hatari kwa spika ndogo, lakini ndogo inayolazimishwa inaua nyingi tu. Mtu anapozidi kuzungusha kitufe baada ya ncha kukatwa, vilele havipandi tena, ila sehemu za chini za muziki zinaendelea kupanda, kwa hiyo wastani wa umeme unaongezeka. Amplifaya ya wati 20 iliyokandamizwa kabisa inaweza kumwaga karibu wati 40. Juu ya hapo, kukatwa huko kunazalisha sauti kali ambazo hazikuwepo kwenye wimbo, nazo huenda moja kwa moja kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ambayo koili yake nyembamba kama unywele imezoea wati chache. Mkwaruzo ukianza, rudisha kitufe nyuma.

Omu nazo zina kesi yake, ingawa ni fupi. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba kwenye tundu moja huwa omu 4, na mbili za omu 4 huwa 2. Omu zikishuka amplifaya husukuma umeme mwingi zaidi, jambo ambalo mwanzoni hufurahisha na baadaye hunuka. Mgongoni huandikwa kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na kwa amplifaya nyingi za nyumbani si chini ya 4.

Vijijini na pembezoni mwa miji, ambako redio ya gari iliyofungwa kwenye betri ya sola hufanya kazi ya stirio ya nyumba, kuna namba nyingine ya kuchambuliwa: 50W × 4. Hii angalau inajulikana ilikotoka. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni kama volti 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa omu 4 za spika, unapata karibu 52. Lakini hizo ni wati za wimbi lililokatwa bapa kabisa, mkwaruzo mtupu. Muziki safi hupata nusu yake, 26, na baada ya hasara za ndani hubaki kama 20. Kwenye betri ya nyumbani yenye volti 12 na kitu, ni chini ya hapo. Hakuna ujanja wa kuvuka hesabu hiyo bila kifaa cha kupandisha volti, kwa hiyo kwa nyumba ya sola spika nyeti ni uwekezaji wenye akili kuliko amplifaya kubwa: hutoa kelele zaidi na kuacha chaji ya taa na simu.

Kwa yule anayenunua dukani, kibandiko cha mgongoni bado ndicho shahidi wa kwanza. Amplifaya za kisasa zinazofanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi, zinazoitwa daraja D, hupeleka kwenye spika asilimia 80 hadi 90 ya kile zinachovuta. Zile za zamani zenye mabati makubwa, kama nusu au zaidi kidogo. Kibandiko kikisema 60W, tarajia wati 30 hadi 50 kwa pande zote kwa pamoja, na mara nyingine kiwanda huandika matumizi ya wastani, kwa hiyo kilele kinaweza kuwa juu zaidi. Ukikuta neno RMS, yaani wati za mfululizo, kwenye karatasi ya maelezo, pamoja na omu na asilimia ya upotofu, hapo kuna kitu cha kushikika. RMS ya upotofu wa asilimia 10 isomwe kwa jicho moja limefumbwa, maana kwenye asilimia 10 muziki umeshaanza kukwaruza.

Aliye na stirio tayari anaweza kuacha kukisia akapima. Kinachohitajika ni mita ya fundi ya bei rahisi na kompyuta yenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti. Tengeneza humo toni laini ya hezi 100, na kwenye kisanduku cha ukubwa wa wimbi andika 0.2, yaani moja ya tano ya ukubwa wa juu kabisa ambao rekodi ya kidijitali inaweza kubeba. Ihifadhi kama faili, uipeleke kwenye kifaa kilekile kinachocheza muziki wako, na kama programu ya muziki ina tabia ya kusawazisha sauti za nyimbo, izime. Sasa weka wimbo unaoupenda, fungua mpaka pale unapofungua siku ukiwa na raha zako zote, na usiguse kitufe tena. Simamisha wimbo, weka mita kwenye volti za AC, gusisha ncha zake kwenye matundu mawili ya spika moja bila kuziacha zigusane, na ucheze ile toni.

Namba inayosomeka izidishe kwa tano. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha gawanya kwa omu za spika. Mita ikisoma volti 1.4, mara tano ni 7, mara yenyewe ni 49, gawanya kwa 8: wati 6. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho wimbo wowote unaweza kuidai amplifaya yako ukiwa na kitufe pale kilipo. Ikisoma 3.6, ni wati 40. Anayeongeza besi arudie kwa toni ya hezi 50, akijiandaa kuona namba imepanda sana. Anayepata 6 na anamiliki amplifaya ya kweli ya wati 30 hana sababu ya kununua nyingine. Pesa yake itamletea mabadiliko makubwa zaidi kwenye spika, au kwenye zulia na pazia zito ya kutuliza mwangwi wa sebule yenye vigae. Anayepata 40 huku amplifaya yake ikiwa na 30 ameshajua mkwaruzo wa Jumamosi usiku unatoka wapi, na ana njia mbili: amplifaya ya wati 80 hadi 100, au spika zenye desibeli 5 zaidi, ambazo zitaishusha ile 40 hadi chini ya 13.

Kwa wenye amplifaya za vali kuna tahadhari moja: wapime spika zikiwa zimeunganishwa, kwa kuwa vali zikicheza bila spika zinaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo mara nyingi ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote ndani ya chombo.